NYUMBA NA JAMAA: Meza ya Jikoni si Ghala



Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiingiwe na fukusi, na tuliahidi kwamba leo tutaendelea na mahindi. Tunaomba radhi. Mahindi yatangoja, kwa kuwa tumepokea barua ambayo haifai kuwekwa kando.

Barua hiyo imetoka kwa mama mmoja, mke wa askari polisi, akaaye katika mojawapo ya kambi zetu hapa Uganda. Jina lake hatutalitaja. Asema kwamba jioni moja, alipokuwa nje akiwasha sigiri, mwanawe wa miaka miwili na nusu aliingia jikoni akaona chupa ya soda juu ya meza. Mtoto akavuta kiti, akapanda, akanywa. Ndani ya chupa hamkuwa na soda. Mlikuwa na mafuta ya taa. Mama alisikia kikohozi tu, akadhani ni moshi. Alipoingia alimkuta mtoto amebadilika rangi.

Twamshukuru Mungu kwamba mtoto alifikishwa hospitali upesi, akalazwa siku 3, akarudi nyumbani mzima. Lakini mama aandika hivi: “Tangu siku ile nyumba yetu haina amani. Baba watoto asema mimi ni mzembe. Nami sikatai kwamba chupa ile niliiweka mimi. Lakini jiko langu ni hatua 3 kwa 2, na meza ni moja. Nambieni, niviweke wapi vitu vyote?”

Swali hili si la mama mmoja. Ni swali la nyumba nyingi za askari, na leo tutajitahidi kulijibu. Lakini kabla ya yote, na tuseme neno linaloweza kuokoa uhai leo hii. Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa nia ya kumtapisha, wala msimtie kidole kooni. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia mapafuni, na mtoto anapotapika huyavuta kwa mara ya pili. Mvueni nguo zilizolowa mafuta, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, kisha mkimbizeni penye mganga bila kuchelewa, hata kama aonekana hajambo. Ichukueni na ile chupa, ili mganga ajue ni kitu gani alichokunywa.

Sasa turudi mezani. Mama yetu alituorodheshea vitu vilivyokuwa juu ya meza jioni ile. Tumevihesabu, ni vitu 19. Palikuwa na chupa ya mafuta ya taa na chupa ya mafuta ya kula, zimesimama bega kwa bega. Palikuwa na kandili, kopo la rangi ya viatu, dawa ya kung'arishia vifungo vya shaba, betri za redio zilizokwisha, misumari ndani ya kikombe, daftari la shule, kitana, chumvi, sukari, sufuria ya maharage ya jana, na kitambaa kilicholowa. Katika vitu hivyo vyote, vilivyohusika na chakula cha jioni ile vilikuwa 4 tu.

Tazameni tena orodha hiyo, bwana na bibi. Rangi ya viatu ni ya nani? Dawa ya vifungo ni ya nani? Na zile betri na misumari? Chupa iliwekwa na mama, ni kweli. Lakini meza ilijazwa na nyumba nzima. Twasema kila siku kwamba ajali haina kinga. Ajali hii ilikuwa na kinga yake, nayo ni meza iliyo tupu.

Hilo ndilo neno letu la leo. Meza ya jikoni, au kaunta kama wengine waiitavyo, iwe ya mbao, ya saruji au ya vigae, ni mahali pa kufanyia kazi. Si ghala. Askari hulala na kitanda chake kimetandikwa, na kila kifaa chake kina mahali pake panapojulikana hata gizani. Basi sharti hilo hilo liingie jikoni: kitu kisichotumika sasa hivi kisikae juu ya meza.

Huenda msomaji atasema, “Hayo ni mambo ya wenye majumba makubwa.” Sivyo. Mwaka 1926 mjini Frankfurt, katika nchi ya Ujerumani, walijengewa nyumba wafanyakazi wa kipato kidogo, na msanifu mmoja mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, akapewa kazi ya kuwabunia jiko. Jiko lake lilikuwa na upana wa kadiri ya mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Alijifunza kutokana na majiko ya behewa za chakula za garimoshi, ambamo wapishi wachache huwalisha abiria wengi katika nafasi nyembamba. Akavipa vitu vya chakula visanduku vyenye majina, na vyombo akavipandisha ukutani, ili meza ibaki kwa kazi. Jiko hilo likaigwa katika nchi nyingi. Kwa hiyo udogo wa jiko si udhuru. Jiko likiwa dogo ndipo utaratibu unapohitajiwa zaidi.

Tena wako jamaa zetu waishio katika vile vibanda vya mabati vya mviringo viitwavyo yuniporti, ambao hawana jiko wala kaunta, na hupikia nje penye kivuli. Nao pia maneno haya yawahusu. Popote panapokatiwa nyama na mboga, pawe ubao, sinia au kigoda, hapo ndipo meza ya jiko lako.

Kazi ya kwanza ni kuitenga sumu na chakula. Mafuta ya taa, dawa ya panya, dawa ya wadudu, dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, rangi ya viatu na betri, vyote hivyo havina haki ya kukaa jikoni palipo na chakula. Visiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, kwa maana mtoto hasomi maandishi. Yeye hujua umbo la chupa. Mafuta ya taa yakae katika jerikeni yake ndogo yenye kifuniko kinachokaza, nje ya njia ya moto. Sumu zote ziwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli, juu kuliko mkono wa mtoto aliyesimama juu ya kiti. Msisahau kiti. Mtoto wa barua hii hakuzuiwa na urefu wa meza.

Kazi ya pili ni kuvipandisha vitu ukutani. Jamaa za askari huhamishwa mara kwa mara, leo Jinja, kesho Mbarara au Moroto, na wengi huona hasara kununua kabati la jikoni. Basi tengenezeni rafu inayosafiri. Chukueni mbao 2, toboeni matundu katika pembe zake, pitisheni kamba madhubuti, fungeni mafundo chini ya kila ubao, kisha tundikeni kwenye boriti au kwenye misumari mikubwa. Siku ya uhamisho rafu hiyo hukunjwa kama mkeka. Masanduku ya mbao ya kubebea nyanya, yaliyooshwa na kukaushwa juani, nayo hufaa yakisimamishwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja. Mwiko, upawa, kisu na vikombe vitundikwe kwa kulabu. Chumvi, sukari na majani ya chai vikae ndani ya makopo yenye vifuniko, yaliyoandikwa majina. Kwa wapikiao nje, wekeni uchanja wa miti wa kuanikia vyombo, ule ambao vijijini mwetu haukosekani. Jua hukausha vizuri kuliko kitambaa chochote.

Mkiisha kufanya hayo, mtashangaa kuona kwamba meza ni kubwa. Igaweni sasa pande mbili. Upande mmoja uwe wa vitu vibichi: nyama, samaki, kuku, na mboga ambazo hazijaoshwa. Upande wa pili uwe wa chakula kilichopikwa, mkate, matunda yaliyooshwa na vyombo safi. Kwa nyama mbichi wekeni ubao wake na kisu chake, hata ikiwa ubao wenyewe ni kipande tu cha mbao kilichochongwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotangaza mwaka 2001 mambo matano ya kulinda usalama wa chakula, la kwanza lilikuwa kudumisha usafi, na la pili lilikuwa hili la kutenga kibichi na kilichopikwa.

Sababu yake ni hii. Kuku mbichi mara nyingi huwa na vijidudu vya kuendesha, kama vile Salmonela na Kampilobakta. Moto wa kutosha huviua vilivyo ndani ya sufuria, lakini vile vilivyobaki mezani havikupikwa. Mama akikatia kachumbari mahali alipokatia kuku, huwapa watoto ugonjwa uliokwisha kuuawa sufuriani. Wengine huosha kuku kwa maji ya nguvu yanayoruka kila upande. Maji hayo huvipeleka vijidudu hadi kwenye vikombe. Kama hamna budi kuosha, osheni polepole ndani ya beseni, mbali na vyombo, kisha beseni, mikono na meza vioshwe kwa sabuni palepale.

Ndizi za matoke nazo zina utomvu unaotia meza madoa meusi, na madoa hayo hayatoki kwa urahisi yakikauka. Wamenyeni ndizi juu ya majani ya mgomba au juu ya sinia, kama walivyofanya bibi zetu, na si juu ya meza tupu. Wakipaka mikono na kisu mafuta kidogo kabla ya kuanza, utomvu haushiki sana.

Sasa juu ya kusafisha. Kila meza ina tabia yake, nayo yapasa kujulikana.

Meza ya mbao isuguliwe kwa maji ya moto, sabuni na dodoki, kwa kufuata mkondo wa mbao, kisha ikaushwe upesi. Ubao wa kukatia usimamishwe juani. Ukipasuka nyufa za ndani zisizofikiwa na maji, kazi yake imekwisha, uwe kuni.

Meza ya saruji au ya terazo haipendi limau wala siki. Watu husifu limau kwa kung'arisha, na kwa sufuria ni sawa, lakini asidi yake hula saruji na vijiwe vya terazo, ikaacha vishimo ambavyo baadaye huwa maskani ya uchafu. Sabuni na maji yatosha. Ufa ukitokea uzibwe kwa saruji mapema. Asiyeziba ufa, wahenga walitwambia, atajenga ukuta.

Meza ya vigae huonekana safi upesi, lakini uchafu hukaa kwenye viungo. Sugueni viungo hivyo kwa mswaki mkuukuu mara moja kwa juma.

Meza iliyofunikwa kwa kitambaa cha plastiki ndiyo yenye hila zaidi. Juu yang'aa, na chini wanazaliana mende. Kitambaa kiinuliwe kila siku, kifutwe pande zote mbili. Wala msiweke sufuria ya moto juu yake, wala juu ya meza ya fomaika. Wekeni kwanza kigae au kipande cha ubao. Na sigiri yenye makaa isiletwe kabisa juu ya meza ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na jamaa wengi wamelala nayo wasiamke.

Baada ya kukata nyama au samaki, sabuni ifuatwe na dawa ya klorini. Kwa dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kijiko 1 cha chai katika lita 1 ya maji chatosha. Someni maandishi ya chupa, kwa kuwa nguvu za dawa hazilingani. Futeni meza kwa maji hayo, mkaiache ikauke yenyewe. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, kwa hiyo sabuni itangulie. Tengenezeni mpya kila siku, maana hupotewa na nguvu. Wala msiichanganye kamwe na siki, limau au dawa nyingine ya kusafishia. Mchanganyiko huo huweza kutoa hewa ya sumu.

Na kitambaa cha kufutia? Hicho mara nyingi ndicho adui aliyevaa sare yetu. Kitambaa kilicholowa na kukunjwa pembeni mwa meza hueneza uchafu badala ya kuuondoa. Kiwe na vitambaa wenzake 2 au 3, wapokezane lindo: mmoja kazini, mmoja juani, mmoja katika maji ya kuchemka.

Mwisho, meza isilale na uchafu. Wako vijidudu ambavyo, vikipata unyevu, joto na chakula, hujigawa mara mbili katika kila dakika 20. Pigeni hesabu. Kijidudu 1 kilichoachwa mezani saa 5 usiku, kikiendelea hivyo bila kuzuiwa, saa 12 alfajiri kitakuwa kimezaa zaidi ya milioni 2. Ndiyo maana twasema kazi ya usiku ni dakika 10 tu, lakini isiahirishwe: makombo yakusanywe, meza ioshwe, ikaushwe, na chakula kilichobaki kifunikwe na kuwekwa mahali pa baridi. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2, na kesho yake kipashwe hadi kichemke. Pasipo makombo wala maji, mende na panya huhamia kwa jirani. Nasi twatumaini kwamba jirani naye ni msomaji wa ukurasa huu.

Sasa tuna neno kwa baba wa nyumba ile, na kwa mabwana wote. Ndugu askari, wewe wakubali ukaguzi kila asubuhi, na wajua kwamba kambi ikikutwa chafu, haulizwi mtu mmoja, huulizwa kikosi. Nyumba yako nayo ni kikosi. Kumlaumu mkeo ni rahisi, nako hakumlindi mtoto. Rafu haijipigilii ukutani. Rangi yako ya viatu haitembei kwa miguu yake kwenda sandukuni. Siku yako ya mapumziko chukua nyundo, kamba na mbao 2, nenda jikoni. Nasi twadhani kwamba kabla ya msumari wa mwisho kuingia, yale maneno makali yatakuwa yamekwisha kusahauliwa.

Nawe mama uliyetuandikia, tumekusikia. Ulikosea kwa chupa ile, na wewe mwenyewe umekiri. Kosa lililokiriwa na kurekebishwa halirudiwi mara kwa mara. Hukuficha jambo hili kwa aibu, na kwa kuandika kwako huenda chupa ya nyumba nyingine itaondolewa mezani leo, kabla mtoto mwingine hajavuta kiti. Utusalimie mtoto.

Wasomaji wapenzi, mkiisha kuusoma ukurasa huu msiukunje kwanza. Ingieni jikoni, bwana na bibi pamoja, mhesabu vitu vilivyo juu ya meza. Kwa kila kimoja ulizeni: Je, chatumika sasa? Kama hakitumiki, kipatieni mahali pake leo hii. Anzeni na chupa.

Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, tutarudi kwenye mahindi yetu. Hadi hapo, kwaherini.